Tangazeni Duru Nne Kabla ya Kombe Moja

Klabu changa ya riadha ikikaa kikao chake cha kwanza cha kuandaa mbio, mazungumzo huanzia kwenye fulana. Ziwe za rangi gani, nani atazidhamini, medali zitengenezwe wapi, mgeni rasmi awe mbunge au mkuu wa wilaya. Kikao hufungwa jioni bila mtu kuuliza njia ina urefu gani wala nani ataandika matokeo.

Ushauri wangu ni kwa wapenda riadha wa Nduruma, na kwa kata jirani za ukanda wa chini ya Mlima Meru, kama Mlangarini na Bwawani. Msiandae tamasha la siku moja. Andaeni mbio ndogo za duru nne, kwenye njia ileile, saa ileile, zenye matokeo ambayo hata aliyeshindwa atayaamini. Jambo lolote msiloweza kulifanya kwenye duru ya nne, msilifanye kwenye duru ya kwanza.

Kwa nini duru nne

Mkoa wa Arusha haujawahi kupungukiwa miguu. Filbert Bayi alitoka Karatu. Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, alifanya mazoezi yake Arusha kwa miaka mingi kabla ya kuwa bingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo Septemba 2025. Kinachopungua ni mashindano ya katikati. Kijana wa kijijini hukimbia UMITASHUMTA akiwa shule ya msingi, akabahatika kufika UMISSETA akiwa sekondari, kisha shule inakwisha na mashindano yanakwisha nayo. Ngazi inayofuata anayoisikia redioni ni Kilimanjaro Marathon kule Moshi, ambako anasimama kwenye mstari mmoja na watu wanaoishi kwa kukimbia. Katikati hapo hana chochote, isipokuwa mazoezi ya alfajiri peke yake.

Mazoezi ya peke yake hayamwonyeshi mtu kasi yake halisi. Mpinzani ndiye anayeionyesha. Februari 1974, mjini Christchurch, Bayi alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi mpya ya dunia, akiongoza tangu mwanzo hadi mwisho. Jambo ambalo watu hulisahau ni kwamba John Walker wa New Zealand, aliyekuwa wa pili, naye alimaliza chini ya rekodi ya zamani. Alivutwa. Wakimbiaji wawili wa Nduruma wanaokutana mara nne kwa msimu watavutana hivyohivyo kwa kiwango chao: aliyeshindwa Juni ana mwezi mzima wa kujiuliza alikosea wapi, na ana tarehe ya kwenda kujaribu tena. Mbio za siku moja haziwezi kumpa nafasi hiyo, hata zawadi yake ikiwa pikipiki.

Karatasi kwanza, kisha majirani

Isajilini klabu. Anzeni na afisa michezo wa Halmashauri ya Wilaya ya Arusha. Yeye atawaelekeza katika usajili unaosimamiwa na Baraza la Michezo la Taifa, na atawaunganisha na chama cha riadha cha wilaya na cha mkoa, ambavyo viko chini ya Riadha Tanzania. Klabu isiyosajiliwa itapata shida kufungua akaunti benki, na mdhamini makini hatampa mtu binafsi fedha mkononi. Halafu andikeni barua kwa watendaji wa vijiji mtakavyovipita, mtendaji wa kata na polisi wilaya. Barabara nyingi za vumbi za vijijini ziko chini ya TARURA, kwa hiyo nakala yao isikosekane. Barua zote zitaje duru zote nne. Msirudi ofisini kila mwezi kuomba upya kile mlichoweza kuomba mara moja.

Baada ya ofisi kuna watu ambao hawana mhuri lakini wanaweza kuvuruga mbio. Kamati ya mfereji ni ya kwanza. Maji ya Mlima Meru ndiyo maisha ya ukanda huu, na miguu mia moja ikikanyaga kingo za mfereji zikabomoka, mtapata kesi kabla ya kupata washindi. Ongeeni na viongozi wa mfereji, kubalianeni mahali pa kuvukia, na kama kuna kingo laini pitisheni njia mbali nazo. Wa pili ni wafugaji: jioni ng'ombe hurudi nyumbani, na kundi likikutana na wakimbiaji kwenye kichochoro hakuna mkimbiaji atakayepishwa. Mzee mmoja anayeheshimiwa na wafugaji akisema neno wiki moja kabla, kundi litapita mapema au litapita kwingine. Wa tatu ni wasimamizi wa mashamba ya maua na mboga. Waombeni wasipulizie dawa karibu na njia siku hiyo, na papo hapo waulizeni kama wana wafanyakazi wanaopenda kukimbia.

Kalenda

Msipange duru yoyote kati ya Machi na Mei. Masika hugeuza barabara za vumbi kuwa utelezi na makorongo hujaa ghafla. Pangeni Juni, Julai, Agosti na mwanzo wa Septemba, wakati wa ubaridi na ukavu, kabla jua la mwisho wa mwaka halijawa kali. Epukeni wikiendi ya Nane Nane, maana watu wengi watakuwa kwenye maonyesho Njiro, na ulizeni walimu ratiba ya michezo ya shule kabla ya kuandika tarehe.

Siku gani? Jumamosi ina soko la Tengeru, na akina mama wengi ambao wangekimbia au kuleta watoto wanakuwa huko. Wasabato nao husali siku hiyo. Jumapili asubuhi ni ya kanisa. Ndiyo maana ninapendekeza Jumapili alasiri: watoto waanze saa 10:00, mbio kuu saa 10:30. Jua huzama karibu saa 12:30, kwa hiyo hata atakayetembea nusu ya njia atamaliza kukiwa bado na mwanga. Faida nyingine ni watazamaji. Alfajiri mtakimbia mbele ya mbwa. Jumapili jioni kijiji kizima kipo barabarani.

Tarehe hizo nne zibandikwe kwa pamoja, mapema, kwenye ofisi za vijiji, zahanati, shule, vijiwe vya bodaboda na milango ya mashamba. Ikitokea duru moja wamejitokeza watu kumi na wanne tu, kimbieni. Siku mtakayoahirisha kwa sababu watu ni wachache ndiyo siku ambayo tarehe zenu zote zitapoteza maana.

Njia: pimeni kwa baiskeli

Simu ya mkononi haipimi njia ya mashindano. Inakisia, na kila simu ina kisio lake. Wakubwa nao wamewahi kuaibika: mwaka 2016 ilibainika kuwa njia ya marathoni ya Manchester, Uingereza, ilikuwa na upungufu wa mita 380 katika miaka ya 2013, 2014 na 2015, na maelfu ya watu wakaambiwa kwamba muda wao hautambuliki. Kwenu itakuwa vibaya zaidi, kwa sababu mkimbiaji wa kijijini hana muda mwingine wa kuonyesha.

Mbinu ya kupima inayokubalika duniani ni baiskeli iliyosawazishwa kwa umbali unaojulikana, na mnaweza kuifanya bila kifaa cha kununua. Tafuteni sehemu iliyonyooka, ipimeni mita 300 kwa tepu ya chuma, mchore alama mwanzo na mwisho. Fungeni kipande cha plastiki kwenye uma wa gurudumu la mbele, na kingine kwenye spoku, ili kila mzunguko wa gurudumu utoe mlio. Endesheni baiskeli kwenye zile mita 300 mara nne, mkihesabu, kisha mchukue wastani. Tuseme ni mizunguko 140. Mnataka njia ya kilomita 2.5 inayorudi ilipoanzia. Sheria ya upimaji huongeza mita moja kwa kila mita elfu, ili njia isije ikawa fupi. Kwa hiyo mnatafuta mita 2,502.5, sawa na mizunguko 1,168 ya gurudumu. Mmoja anaendesha, mwingine anafuata na daftari, na kila mlio wa mia unaandikwa. Mkimaliza rudini kwenye zile mita 300 mpime tena, maana tairi likipata joto hujaa na hesabu hubadilika.

Mwendeshaji apite pale ambapo mkimbiaji mjanja angepita: akate kona, sentimita 30 kutoka ukingoni, asifuate katikati ya barabara. Hapo ndipo wapimaji wengi hujidanganya. Barabara ya vumbi ni pana, na mkimbiaji ataitumia yote. Mwanzo na mwisho wekeni alama ya kudumu, mahali ambapo mti mmoja, nguzo ya umeme au ukuta wa shule vinaweza kuelezwa kwenye karatasi, ili duru ya nne ianzie palepale ilipoanzia ya kwanza.

Kwa nini kilomita 2.5? Mizunguko miwili ni kilomita 5, minne ni 10. Mnahitaji kituo kimoja cha maji, wasimamizi wachache wa kona, na mama mwenye duka anamwona mwanawe akipita mara nne. Kasoro yake ni kuhesabu. Katika Mbio za Nyika za Dunia za mwaka 1981 mjini Madrid, Waethiopia walikuwa wanaongoza kwa kundi, wakafyatuka wakidhani wameingia mzunguko wa mwisho, kumbe umebaki mwingine. Mmarekani Craig Virgin akawapita na kushinda. Basi awepo mtu mmoja mwenye kazi moja: kuandika namba ya kila anayepita, mzunguko kwa mzunguko, na kugonga kengele au kipande cha reli kwa kila anayeingia wa mwisho, si kwa kiongozi peke yake.

Fedha

Mali bila daftari hupotea bila habari, na katika klabu hupotea pamoja na urafiki. Chukulieni kiingilio cha shilingi 2,000 kwa mtu mzima, watoto bure. Wakija themanini mna shilingi 160,000. Fedha hiyo itoshe namba za kifuani, chaki, kamba, dawa za huduma ya kwanza, maji na mafuta ya gari la dharura, nayo itatosha kama hamjagusa habari ya fulana. Namba zishonwe kwa kitambaa na zirudishwe baada ya mbio. Mkimbiaji abaki na namba yake msimu mzima, na mwandishi wa matokeo atawajua watu kwa namba kufikia duru ya tatu.

Mdhamini msimwombe fedha taslimu kwanza. Mwombeni kitu ambacho tayari anacho: shamba la maua lina maji safi, gari na kivuli, shule ina uwanja, vyoo na kengele, duka la pembejeo lina kipaza sauti. Mhasibu asiwe mwenyekiti, na hesabu ya kila duru ibandikwe kwenye ubao uleule wa matokeo, hata kama ni mistari sita.

Siku yenyewe

Bodaboda atakayeongoza mbio aikimbie au aitembee njia nzima siku moja kabla. Oktoba 2017, kwenye marathoni ya Venice, kundi la mbele lilifuata pikipiki iliyotoka nje ya njia. Walipogeuka, Mtaliano Eyob Faniel alikuwa ameshapita, akashinda. Pikipiki itangulie mbali kidogo, isimpulizie kiongozi vumbi na moshi.

Maji yachemshwe au yatibiwe, yaletwe kwa ndoo zenye mifuniko. Mtu asinywe ya mfereji hata kama ameyazoea: yamepita kwenye mifugo na kwenye mashamba yaliyopuliziwa dawa. Maji mengi ya eneo letu yana floridi ambayo kuchemsha hakuiondoi, lakini kikombe kimoja siku ya mbio hakitamdhuru mtu. Mnachoogopa siku hiyo ni kuhara na sumu ya shambani. Awepo mhudumu wa afya kutoka zahanati, na gari lenye dereva asiyekimbia, asiyekunywa na anayejua njia ya Hospitali ya Mount Meru. Mkimbiaji anayeyumba, anayeongea mambo yasiyoeleweka au aliyeacha kutoka jasho atolewe njiani, kivulini, amwagiwe maji, apelekwe. Hapo asiulizwe kama anataka kuendelea.

Mstari wa kumalizia usifungwe hadi wa mwisho afike. Nchi yetu ndiyo yenye John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyemaliza marathoni ya Mexico City mwaka 1968 zaidi ya saa moja baada ya mshindi, goti likiwa limeumia. Klabu ya Kitanzania inayokunja kamba wakati mtu bado yuko njiani haina udhuru.

Watoto wakimbie kilomita moja, wasizidi mbili, na wasipewe fedha. Daftari na kalamu vinatosha, pamoja na jina lao kusomwa kwa sauti. Kwa wasichana na wanawake mambo matatu ni ya lazima: zawadi sawa na ya wanaume, chumba cha kubadilishia nguo chenye mlango unaofungwa, na kumaliza mapema ili warudi nyumbani kukiwa na mwanga. Mzazi anayemkataza binti yake kukimbia mara nyingi anaogopa njia ya kurudi kuliko mbio zenyewe.

Muda na matokeo

Hapa ndipo klabu nyingi huanguka, na hapa ndipo pa kuweka watu wenu makini kuliko wote. Kule Tokyo, Simbu na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, wakatenganishwa na sehemu tatu za mia za sekunde zilizoonwa na kamera. Ninyi hamna kamera, kwa hiyo tenganisheni kazi tatu.

Mtu wa kwanza anasimama kwenye mstari, macho yake yanaamua nani katangulia, naye hashiki saa. Wa pili ana stopwochi ya simu na anabonyeza kila mtu anapovuka, hatazami namba. Wa tatu yuko mwisho wa uchochoro wa kamba ambamo wakimbiaji wanapita mmoja mmoja bila kupitana, naye anaandika namba za kifuani kwa mpangilio. Kila mtu wa kumi, mwenye saa anapaza sauti: "Wa ishirini, dakika kumi na tisa na arobaini!" Mwenye daftari anaweka alama hapo. Kama mtu mmoja amerukwa, mtajua amerukwa kati ya wa kumi na wa ishirini, na hamtakuwa na kazi ya kubishana orodha nzima. Saa ya mkono kwenye mbio za barabarani huongezwa hadi sekunde kamili inayofuata: 19:40.2 inaandikwa 19:41.

Matokeo yabandikwe jioni hiyohiyo, kwa mkono kama ni lazima, na nakala iende kwa afisa michezo. Wa themanini aandikwe kama wa kwanza alivyoandikwa. Kijana mwenye karatasi inayoonyesha muda wake wa duru nne, kwenye njia iliyopimwa, ana kitu cha kumwonyesha kocha wa timu ya jeshi, chuo au klabu ya mjini. Aliyeshinda kombe kwenye njia isiyojulikana urefu ana picha tu.

Pointi na zawadi

Kwa mtu mmoja mmoja, wa kwanza apate pointi 20, wa pili 19, hadi wa ishirini apate 1. Yeyote atakayemaliza baada ya hapo apate 1 pia. Hesabuni duru tatu bora kati ya nne. Mtu anauguliwa, anafiwa, anaitwa zamu shambani; asipoteze msimu kwa Jumapili moja.

Kwa timu tumieni hesabu ya mbio za nyika, vijiji vishindane. Nafasi za wakimbiaji wanne wa kwanza wa kila kijiji zinajumlishwa, na mwenye jumla ndogo anashinda. Kijiji kilicholeta wa 2, wa 5, wa 9 na wa 14 kina 30. Kile chenye wa 1, wa 3, wa 15 na wa 20 kina 39, kimeshindwa ingawa bingwa ni wao. Mtaona wenyewe mambo yatakavyobadilika: yule wa kumi na nne, ambaye kwingine asingetazamwa, atashangiliwa mita mia za mwisho, na wenzake watamfuata nyumbani kumwamsha mazoezini. Sharti mojawapo liwe kwamba kati ya wanne angalau mmoja ni mwanamke, nafasi yake ikihesabiwa katika mbio za wanawake. Vijiji vitaanza kuwatafuta wasichana wanaokimbia bila ninyi kuhubiri.

Zawadi kubwa itolewe baada ya duru ya nne tu. Mashabiki wa mpira wanalijua kombe la mbuzi. Mbuzi wa kijiji kilichoshinda atafaa vilevile kwenye riadha, na ataliwa na wanne pamoja na waliowashangilia. Duru tatu za mwanzo, kusomwa jina na sabuni au sukari kunatosha.

Duru ya nne ikiisha

Ndani ya wiki moja kaeni kikao cha mwisho. Someni hesabu, rekebisheni kona iliyoleta matata, washukuruni kamati ya mfereji na wafugaji kwa kwenda kwao, si kwa ujumbe wa simu. Chagueni wakimbiaji sita wenye pointi nyingi, wanaume na wanawake, na fedha iliyobaki iwapeleke kwenye mashindano ya mkoa au mbio nyingine iliyo juu yenu. Huko ndiko klabu itapimwa. Na msimu ukiwa mzuri, mtashawishiwa na watu wenye nia njema: mfanye kilomita 21, mlete wageni, mbadilishe jina liwe la kimataifa. Kataeni kwa miaka mitatu. Ongezeni kijiji kimoja, au mbio za wazee, au mbio za kijiti za shule za msingi, lakini njia, siku na saa vibaki vilevile, ili muda wa mwaka huu uweze kulinganishwa na wa mwakani.

Kikao chenu cha kwanza kikiwa bado hakijafanyika, ajenda iwe na mambo mawili: tarehe nne, na majina matatu ya watu watakaosimama kwenye mstari wa kumalizia. Mkishayapata hayo, aendaye na baiskeli na aende Jumamosi hiihii akapime.